Uso wa Mzee Odera

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Joram alikuwa amebakiza mdomo tu ili awe mzee wa miaka themanini.

Zamzam alirudi nyuma hatua mbili, akamtazama kwa jicho moja. Paji la uso lilikuwa limekunjamana vizuri. Mifuko chini ya macho imelegea kama ya mtu aliyelia sana halafu akaacha. Shingo ndiyo iliyomfurahisha zaidi, kwa sababu shingo ilimpa taabu siku nne nzima na leo hatimaye ilikubali kukaa.

"Usicheke," alimwambia.

"Sijacheka."

"Macho yako yamecheka."

"Macho si ndiyo umeniachia peke yake? Vingine vyote umechukua."

Zamzam aligeuka upesi kutafuta brashi ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka 1991, na shule zilikuwa zimefungwa. Kikundi cha filamu kutoka Nairobi kilikuwa kimekodi shule moja ya msingi huko Dunga, karibu na ziwa, kutengeneza filamu ya mtu aliyemwacha mkewe akaenda kufanya kazi ya reli Uganda, akarudi baada ya miaka hamsini. Joram, mwalimu wa shule ya msingi kule Maseno, ndiye aliyechaguliwa kuwa Odera kijana na Odera mzee. Kijana alikuwa yeye mwenyewe tayari. Mzee ilibidi atengenezwe.

Ndiyo kazi ya Zamzam. Mwezi wa sita alimkalisha Joram kwenye kiti, akampaka Vaseline kwenye nyusi, akamfunika uso mzima na shingo kwa plasta ile ile ya hospitali ya kufungia miguu iliyovunjika, akamwachia matundu ya pua tu. Wengine huogopa gizani mle, wakaanza kutapatapa. Joram alikaa kimya dakika ishirini, mikono juu ya magoti. Plasta ilipotoka, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa macho ya Zamzam, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Kumbe uko hapa karibu hivi." Tangu siku hiyo Zamzam hakuwa sawa.

Ndani ya ganda lile alimimina plasta nyingine, akapata kichwa cheupe cha Joram. Juu yake alifinyanga uzee kwa udongo wa wafinyanzi alionunua sokoni Kibuye, mkunjo baada ya mkunjo, kisha akatengeneza ngozi ya mpira, nyembamba katikati, na kwenye kingo nyembamba zaidi ili isionekane inapoishia. Ngozi moja hutumika siku moja tu; ikibanduliwa inachanika. Alikuwa ametengeneza tatu. Mbili zilikuwa zimekwisha. Hii ilikuwa ya mwisho, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kupiga picha.

Alichovya mswaki wa zamani kwenye rangi ya kahawia, akarusha kwa kidole matone madogo madogo kwenye mashavu. Watu hudhani mzee ni kumpaka majivu tu. Zamzam alijua kwamba ngozi nyeusi iliyokaa juani miaka themanini ina wekundu wake kwenye pua, ina zambarau chini ya macho, ina umanjano kidogo kwenye taya. Aliziweka zote, nyepesi nyepesi, moja juu ya nyingine, mpaka mpira ukaacha kuwa mpira.

"Zamzam," Joram alisema. "Ijumaa ni keshokutwa."

"Najua."

"Hao watu wa Awasi watakuja kweli kuleta posa?"

"Watakuja. Baba amewaambia waje baada ya swala." Alifuta brashi kwa kitambaa. "Abdulrahman ni mtu mzuri, Joram. Hilo ndilo tatizo. Angekuwa mlevi ningejua la kusema."

"Na habari yangu, umemwambia mzee?"

"Sijamwambia habari yako. Hata habari ya kazi hii sijamwambia. Anajua nasuka waigizaji nywele." Sauti yake ilishuka. "Miaka mitatu, Joram. Tangu nikiwa chuoni Nairobi. Anajua nilisomea ususi na hina za maharusi. Nitamwambiaje sasa kwamba kila asubuhi nashika uso wa mwanamume?"

"Mwambie tu hivyo hivyo. Nashika uso wa mwanamume."

"Rahisi kwako."

"Si rahisi. Mimi nimepita mbele ya cherehani yake mara tatu. Mara tatu, Zamzam. Nimeshindwa hata kumsalimu."

Zamzam alichukua gundi akaipaka kwenye pembe za mdomo wa Joram, akabonyeza ngozi polepole kwa kijiti, kisha akapachika ndevu nyeupe za manyoya ya kondoo. Nyuso zao zilikuwa karibu sana. Alisikia pumzi yake ikipita kwenye vidole vyake.

"Sasa nyamaza. Dakika kumi. Ukifungua mdomo gundi itaachia hapa na hapa, na nyingine sina. Umesikia?"

Joram aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa na neno, na Zamzam alilisoma lote, akasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Zamzam!" Sauti ya Wakhisi, mama aliyekuwa akiongoza filamu, ilitoka uwanjani. "Kilemba cha bibi wa Odera huku kimeanguka! Njoo haraka, jua linapanda!"

Alitoka mbio. Joram akabaki peke yake darasani, mbele ya ubao, katika koti kuukuu la mzee Odera, fimbo kati ya magoti.

Haikupita dakika mbili akasikia viatu mlangoni.

"Hodi hapa."

Joram aligeuza macho. Mlangoni palikuwa na mtu wa miaka sitini na kitu, kanzu safi, kofia, na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, amesahau kuivua. Mzee Badru, fundi cherehani wa Kaloleni. Baba yake Zamzam.

Mzee Badru alimwona yule mkongwe kwenye kiti, akapunguza mwendo, akainamisha kichwa na kunyoosha mkono wa kulia.

"Shikamoo, mzee wangu."

Damu ilimpanda Joram chini ya mpira. Kuitikia marahaba kwa mtu aliyemzidi miaka thelathini kungekuwa wizi. Kunyamaza kungekuwa tusi. Na mdomo ulikuwa umekatazwa kufunguka. Aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, ambayo Zamzam alikuwa ameshaijaza mishipa na madoa, kisha akaonyesha mdomo kwa kidole.

"Meno?" Mzee Badru aliuliza kwa huruma.

Kichwa cha Joram kilikubali kabla akili haijakataa.

"Pole sana. Mimi waling'oa mawili mwezi jana, siku tatu nakunywa uji tu." Alivuta dawati la wanafunzi akaketi, magoti juu. "Basi usiseme kitu, pumzika. Namtafuta binti yangu. Wameniambia yuko huku, anasuka waigizaji nywele. Nitamngojea hapa kivulini, kama sikusumbui."

Joram alitikisa kichwa kwamba hasumbuliwi. Alitazama mlango kama mtu anayezama.

Kuna watu ambao nyuso zao humfanya mtu aseme, na Zamzam alikuwa ametengeneza uso wa namna hiyo.

"Wewe una mabinti, mzee wangu?"

Joram alitikisa kichwa: hapana.

"Mimi ninaye huyu mmoja. Mama yake alifariki akiwa darasa la sita. Nimemlea mwenyewe, na cherehani." Alishika ncha ya ile futi, akaizungusha kidoleni. "Nimeacha kazi asubuhi hii nimetembea mpaka huku, kwa sababu kuna jambo nataka kumuuliza, na nyumbani siwezi. Nyumbani nikitaka kuuliza, naomba chai."

Alicheka peke yake, kicheko kifupi.

"Kuna kijana wa Awasi, ana kinu cha kusaga unga, mtu wa dini, mpole. Ametaka kumuoa. Nikafurahi. Nikamwambia Zamzam, akasema, 'Sawa, baba.' Hivyo tu. Tangu siku hiyo ananijibu sawa, baba, kwa kila kitu. Chai ina sukari? Sawa, baba. Mvua itanyesha? Sawa, baba. Mtu hawezi kukubali kila kitu hivyo isipokuwa ameshakata tamaa. Ama mimi nakosea?"

Wakati huo Zamzam alikuwa amefika mlangoni, kitana mkononi. Aliona mgongo wa kanzu na futi shingoni, akasimama hapo hapo. Joram alimwona. Macho yao yalikutana juu ya kofia ya baba yake. Ya Joram yalisema: sema kitu.

"Watu wa mtaa wananiambia kuna mwalimu," Mzee Badru aliendelea. "Wa Maseno. Mkristo. Usinielewe vibaya, mzee wangu, nakuona wewe ni Mjaluo. Nimeishi na nyinyi maisha yangu yote. Mke wangu alipofariki, majirani waliokesha nami hawakuwa wa msikiti peke yake. Si kwamba nawachukia. Lakini mimi nina mtoto mmoja. Akienda huko, siku yangu ikifika, nani ataniombea dua? Wajukuu watajua hata jina la Mtume? Nitakuwa picha ukutani tu, mzee fulani aliyekuwa anavaa kofia. Hilo naogopa. Na nikimuuliza, ataniambia ukweli, maana mtoto wangu hasemi uongo. Ndiyo maana sijamuuliza."

Kule mlangoni Zamzam aliweka kiganja mdomoni.

Chozi lilimtoka Joram. Lilishuka likaingia kwenye mkunjo wa shavu ambao haukuwa wake, likafuata ukingo wa mpira, na Zamzam, hata katika hofu ile, aliona ngozi ikianza kuinuka chini ya jicho. Dakika kumi hazikuwa zimetimia. Joram alifungua mdomo.

"Mzee, naomba unisamehe." Sauti ilikuwa ya kijana. "Usiniamkie tena. Mimi si mzee. Mimi ndiye huyo mwalimu."

Mzee Badru alimtazama. Alitazama mikono, akatazama ndevu.

"Wewe? Una miaka mingapi wewe?"

"Thelathini na mmoja."

"Astaghfirullah." Alisimama, dawati likaanguka. "Thelathini na mmoja? Umepatwa na ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa, baba," Zamzam alisema nyuma yake.

Mzee Badru aligeuka. Nje mtu alikuwa akipiga misumari kwenye ubao.

"Ni mpira," Zamzam aliendelea, machozi yanamtoka lakini sauti imetulia. "Ni mpira, na rangi, na manyoya. Nimemfanya mimi. Hii ndiyo kazi yangu. Sisuki nywele, baba. Sikusomea ususi. Nilikudanganya."

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

"Na ulikuwa umesimama hapo unanisikia?"

"Nilikuwa nasikia. Nilitaka kusema, nikaogopa."

Mzee Badru alitazama ukutani, mahali palipoandikwa hesabu za darasa la tano, kama mtu aliyepigwa kibao hadharani. "Nimemfungulia moyo kinyago," alisema polepole. "Mtoe. Mtoe hivyo vitu, nimwone anayenichezea."

"Sawa," Zamzam alisema, na hakusita. Alichukua chupa ya mafuta na pamba.

Wakhisi aliingia akihema. "Jamani, tuko tayari, bibi amekaa kwenye... Zamzam, unafanya nini? Hiyo si ndiyo ya mwisho?"

"Ndiyo ya mwisho."

"Ukiitoa filamu haina mwisho! Tumefanya kazi miezi miwili!"

"Najua, Mama Wakhisi. Baba yangu amesema."

Joram aliinua uso wake ili amrahisishie kazi. Zamzam alilowesha pamba, akaipeleka kwenye ukingo wa paji.

"Ngoja," Mzee Badru alisema.

Alisogea. Aliinama mbele ya uso wa Joram kama anavyoinama kwenye kola ya suti, akatafuta mahali mpira ulipoishia na ngozi ilipoanzia. Hakupaona. Alitazama shingo, akatazama zambarau chini ya macho.

"Hii umeifanya kwa muda gani?"

"Kuivika na kuipaka rangi, saa tatu. Kuitengeneza, wiki nzima. Shingo peke yake, siku nne."

"Siku nne." Aliinuka. Uso wake ulikuwa bado mkali. "Nimeshona miaka arobaini, sijawahi kuchana suti ambayo mteja hajaivaa. Mpeleke. Amalize. Mimi nangoja hapa."

Zamzam alirekebisha pale chini ya jicho kwa tone la gundi na poda, na wakatoka. Mzee Badru hakungoja darasani. Alisimama kwenye ukuta wa jikoni ya shule, mikono nyuma, akatazama. Mzee Odera alitembea polepole kwenye nyasi kumwelekea bibi aliyeketi mkekani, na yule bibi alipoinua macho na kumjua, Mzee Badru alitoa kitambaa akapenga makamasi. Alikirudisha mfukoni kabla mtu hajamwona. Zamzam alimwona.

Kazi ilipokwisha walirudi darasani watatu. Zamzam alimwaga mafuta kwenye bakuli. Uso wa namna ile hauvuliwi kwa haraka. Ukivuta, unaondoka na ngozi ya mtu. Alipitisha mafuta ukingoni, akasubiri, akainua kidogo, akapitisha tena. Baba yake aliketi karibu na kuangalia kila kitu. Aliona jinsi binti yake anavyoshika kichwa cha yule kijana kwa ncha za vidole, na jinsi yule kijana anavyofumba macho na kumwachia. Hakuna aliyemficha, na hakuna aliyefanya zaidi ya kazi.

Paji lilitoka kwanza, kisha mashavu, mwisho ndevu na mdomo. Aliyebaki alikuwa kijana mweusi mwenye uso mpana, umevimba kidogo, unang'aa mafuta.

"Kumbe ni wewe," Mzee Badru alisema. "Ulipita kwangu. Mara mbili."

"Mara tatu, mzee."

"Mbona hukusimama?"

"Niliogopa."

"Leo kila mtu ameogopa." Alikunja futi yake, akaikunjua. "Umesikia ninachoogopa mimi. Unijibu sasa, una mdomo."

Joram alifikiri kabla ya kusema. "Habari ya dini, sitakudanganya kwamba nimemaliza moyoni mwangu. Nimeenda mara mbili kwa imamu kule Maseno kuuliza. Bado nauliza. Kuna mambo nimeyaelewa, mengine bado. Sitaki kusema neno mbele ya Mungu kwa sababu ya harusi tu."

Zamzam alishtuka. Alikuwa hajui habari ya imamu.

Mzee Badru aliiweka futi magotini. "Ungeniambia umesilimu jana kwa ajili ya msichana, ningekufukuza," alisema. "Sijakubali. Nataka usikie vizuri, sijakubali. Lakini Abdulrahman nitamwambia asije Ijumaa. Yule ni mtu wa heshima, simpi mtoto anayemwitikia sawa, baba."

Zamzam alipiga magoti mbele ya baba yake, akaweka paji la uso kwenye mikono yake. "Nisamehe, baba. Kwa ile miaka mitatu."

"Hiyo tutaongea nyumbani," alisema, lakini hakuondoa mikono. Kisha akamgeukia Joram. "Na kwenu wanajua?"

Joram alikohoa. "Mama yangu anajua. Mama Benta. Yeye... yeye naye amekataa, mzee."

"Amekataa nini?"

"Amemkataa Zamzam."

Mzee Badru alinyooka mgongo. "Amemkataa Zamzam? Huyu? Kwa sababu gani?"

"Anasema msichana wa mjini hawezi kushika jembe. Tena anasema atanisilimisha, aninyang'anye jina."

"Hawezi jembe!" Sauti ya Mzee Badru ilisikika mpaka uwanjani. "Sukuma wiki iliyo nyuma ya nyumba yangu amelima nani, majini? Mtoto aliyekaa siku nne anatengeneza shingo, atashindwa na jembe? Mama yako amemwona wapi binti yangu mpaka amkatae?"

"Hajamwona, mzee."

"Basi mlete. Ijumaa, baada ya swala. Chakula kiko. Nataka huyo mama aje akae kwangu, amtazame huyu mtoto machoni, halafu anirudie hayo maneno."

"Nitamleta, mzee. Shikamoo."

"Marahaba," alisema Mzee Badru, akatoka.

Zamzam alibaki na pamba mkononi. Ule uso wa mpira ulikuwa umelala mezani, umechanika vipande viwili.

"Hukuniambia umeenda kwa imamu," alisema.

"Nilitaka kwanza nijue ninachouliza."

"Uso unakuuma?"

"Kidogo."

Asubuhi yote alikuwa ameushika ule uso, na sasa hakuwa na kazi nao tena. Alimpa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, vidole vyao vikagusana chini yake, hakuna aliyeondoa upesi. Joram alitabasamu, sasa kwa mdomo wote. "Nenda. Anakungoja," alimwambia.

Zamzam alimkuta baba yake mbele kidogo kwenye barabara ya kurudi mjini, anatembea polepole makusudi. Waliongozana mpaka wakapita miti ya shule.

"Ile shingo," Mzee Badru alisema bila kumtazama. "Mikunjo ile ya kwenda chini. Uliifanyaje?"

Zamzam akamweleza. Alimweleza habari ya udongo wa Kibuye, na kichwa cheupe, na jinsi alivyomchora babu mmoja pale msikitini bila yeye kujua, kisha akarudi nyuma mpaka chuoni Nairobi, siku ya kwanza, na hakuruka chochote. Baba yake aliuliza maswali mengi. Aliuliza kama mpira unakatwa kwa mkasi au kwa wembe.

Walipokaribia mjini alipunguza mwendo.

"Na huyo mama yake, ni mkali?"

"Sijawahi kumwona, baba."

"Haya," alisema Mzee Badru, akavuta hatua. "Tutamwona."